Ushahidi Kando ya Kitanda: Mwongozo Kamili wa Kutumia Utafiti Katika Uuguzi wa Kila Siku Hospitalini

Usiku mmoja, miaka mingi sasa, nilimhudumia bibi mmoja ambaye kanula yake, yaani kile kimrija kinachoachwa ndani ya mshipa ili kupitishia dawa na maji, ilikuwa imetimiza siku tatu mkononi. Ilikuwa inapitisha dawa vizuri, ngozi haikuwa nyekundu wala haikuvimba, na yeye mwenyewe hakulalamika maumivu. Utaratibu wa wodi yetu ulisema kila kanula ibadilishwe ifikapo saa 72, nami nikautii. Niliitoa iliyokuwa inafanya kazi, nikaanza kutafuta mshipa mwingine kwenye mkono uliokwisha kukonda, nikamchoma mara nne kabla ya kufanikiwa. Nilipokuwa ninabandika plasta aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo ya kwanza ilikuwa na kosa gani?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kusema kwamba ndivyo tunavyofanya hapa.

Mwongozo huu umejengwa juu ya swali la bibi yule. Nitalitumia kama mfano mmoja tutakaoufuata kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nimeona kwamba wauguzi wengi hufundishwa nadharia ya uuguzi unaozingatia ushahidi wakiwa chuoni, wakajibu mtihani vizuri, kisha wakafika wodini wasijue waanzie wapi.

Tunazungumzia nini hasa

Uuguzi unaozingatia ushahidi ni kufanya uamuzi kwa kuunganisha mambo matatu: matokeo bora ya utafiti yaliyopo, ujuzi wa muuguzi aliyemwona na kumpima mgonjwa, na matakwa pamoja na hali ya mgonjwa mwenyewe. Maelezo haya ya nguzo tatu yalienea duniani kupitia daktari David Sackett na wenzake, hasa kuanzia mwaka 1996. Nguzo moja ikikosekana, uamuzi unayumba. Anayefuata makala za utafiti bila kumtazama mgonjwa hufanya kosa kubwa sawa na anayefuata mazoea bila kusoma.

Ni vema kueleza mapema kwamba jambo hili halimdai muuguzi awe mtafiti. Mtafiti huzalisha maarifa mapya. Muuguzi wa wodini huyatafuta yaliyokwisha kuzalishwa, huyapima uzito, huyatumia, kisha huangalia kama yamemsaidia mgonjwa aliye mbele yake.

Kwa nini mantiki na uzoefu havitoshi peke yake

Mambo mengi tunayoyafanya wodini yana maelezo yanayoingia akilini, na maelezo mazuri ndiyo yanayotupumbaza. Mfano ulio mzito kuliko yote ninayoijua ni ule wa jaribio lililoitwa FEAST, lililofanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine, katika makundi mawili, walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine wakapewa maji ya kawaida ya kukidhi mahitaji ya mwili tu. Kila mtu aliyesoma fiziolojia, yaani namna mwili unavyofanya kazi, angetarajia kwamba maji ya haraka yangeokoa maisha, kwa kuwa mtoto mwenye mikono ya baridi na mapigo dhaifu anaonekana wazi kuhitaji maji. Matokeo yakawa kinyume. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka walifariki asilimia 10.6 na 10.5, ilhali katika kundi lisilopewa walifariki asilimia 7.3.

Hebu tuifanyie hesabu tofauti hiyo, kwa maana namba za asilimia hupita machoni bila kugusa moyo. Tofauti ni takriban 3.3 katika kila watoto mia moja. Ukigawanya mia moja kwa 3.3 unapata 30. Maana yake ni kwamba kwa kila watoto 30 waliopewa maji ya haraka, alifariki takriban mtoto mmoja ambaye bila maji hayo angekuwa hai. Muuguzi mmoja mmoja, hata mwenye uzoefu wa miaka ishirini, hawezi kuliona jambo kama hilo kwa macho, kwa sababu wengi wa watoto wanaotibiwa hupona na anayefariki hudhaniwa kuwa alizidiwa na ugonjwa wake. Ndiyo maana tunahitaji utafiti: kuna madhara ambayo huonekana tu wagonjwa wengi wanapohesabiwa kwa pamoja na kulinganishwa kwa haki.

Hatua ya kwanza: kuikamata shaka kabla haijapotea

Maswali mazuri huzaliwa zamuni, yakafa zamuni. Unashangaa kwa nini mgonjwa anayesubiri upasuaji wa mchana amekatazwa hata maji tangu usiku wa manane, kisha simu inalia, mgonjwa mwingine anaita, na shaka yako inayeyuka. Weka kijitabu kidogo mfukoni au daftari moja kwenye meza ya wauguzi, na kila mara unapojisikia kusema "ndivyo tunavyofanya hapa", andika sentensi moja tu: tarehe, tendo lenyewe, na kilichokutia shaka. Usiandike jina la mgonjwa wala chochote kinachoweza kumtambulisha.

Baada ya wiki chache utakuwa na orodha, na hapo uchague swali moja. Mimi huchagua kwa kutazama mambo manne: tendo linafanyika mara ngapi, linaweza kumdhuru mgonjwa kwa kiasi gani, linakula muda na vifaa kiasi gani, na kama sisi wauguzi tuna mamlaka ya kulibadilisha au angalau kulipendekeza. Swali la kanula lilipita vigezo vyote. Swali kuhusu kipimo cha dawa ambacho huamuliwa na daktari peke yake linaweza kuwa zuri sana, lakini si mahali pa kuanzia.

Hatua ya pili: kuligeuza shaka kuwa swali linalojibika

"Je, kubadilisha kanula kuna faida?" ni swali pana mno, na ukilipeleka kwenye intaneti litakurudishia maelfu ya makala. Muundo unaotumika duniani kote unajulikana kwa kifupi cha PICO, nao unakulazimisha kutaja vitu vinne: mgonjwa ni wa aina gani, tendo unalolifikiria ni lipi, unalilinganisha na nini, na matokeo unayoyajali ni yapi. Swali la bibi yule likawa hivi: kwa mtu mzima aliyelazwa na mwenye kanula ya mkononi, je, kuibadilisha pale tu inapoonyesha dalili za tatizo, ikilinganishwa na kuibadilisha kila baada ya siku tatu, kunaongeza kuvimba kwa mshipa au maambukizi ya damu?

Sehemu ya mwisho ndiyo wengi huiandika kwa haraka, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kuvimba kwa mshipa hutokea mara kwa mara na husumbua. Maambukizi ya damu hutokea kwa nadra na huua. Utafiti unaweza kuwa na watu wa kutosha kujibu la kwanza na usiwe na watu wa kutosha kujibu la pili. Ukiandika "madhara" kwa ujumla, tofauti hiyo itakuponyoka, na baadaye tutaona kwamba katika suala la kanula ndipo mgogoro wote ulipo.

Maswali mengine hayahusu tendo wala matokeo yake. Ukitaka kujua kwa nini wagonjwa hawasemi wanapopata maumivu, namba hazitakusaidia sana. Unahitaji tafiti za mahojiano ambamo wagonjwa wameeleza kwa maneno yao. Usiuone utafiti wa aina hiyo kuwa wa daraja la chini. Unajibu swali la aina nyingine.

Hatua ya tatu: kutafuta bila kuzama

Anza juu, shuka taratibu. Juu kabisa iko miongozo ya tiba iliyoandaliwa na taasisi zinazoaminika, kama Shirika la Afya Duniani au wizara ya afya ya nchi unayofanyia kazi, kwa sababu humo watu wengine wamekwisha kukusanya na kupima tafiti nyingi. Chini yake yako mapitio ya kimfumo, yaani kazi ambamo watafiti hutafuta tafiti zote za swali moja kwa utaratibu ulioandikwa mapema, bila kuchagua zinazowapendeza. Taasisi ya Cochrane, iliyoanzishwa mwaka 1993, inajulikana kwa kazi hiyo, na mapitio yake huambatana na muhtasari wa lugha nyepesi ambao mtu yeyote anaweza kuusoma bure. Chini zaidi ziko tafiti mojamoja, na hizo utazipata kwenye PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za afya, ambayo iko wazi kwa umma tangu miaka ya 1990 na haidai malipo. Kama hospitali au chuo chako kiko katika nchi yenye kipato cha chini, uliza maktaba kama kimejiandikisha kwenye mpango wa Hinari, ambao Shirika la Afya Duniani liliuanzisha mwaka 2002 ili taasisi za namna hiyo zipate majarida bila malipo au kwa malipo madogo.

Hifadhidata hizi kwa sehemu kubwa zinatumia Kiingereza, kwa hiyo andika maneno ya kutafutia kwa lugha hiyo, ukiyatoa kwenye vipengele vinne vya swali lako. Maneno mawili au matatu yanatosha mwanzoni, kisha ongeza moja kama matokeo ni mengi mno au punguza moja kama ni haba. Chuja upate kwanza mapitio ya kimfumo. Ukisoma kichwa cha makala na muhtasari wake ukaona haihusu swali lako, iache bila huruma. Na ukikuta mwongozo wenye umri wa miaka kumi au zaidi, usiutupe, ila angalia kama kuna tafiti kubwa zilizotoka baada yake.

Hatua ya nne: kupima uzito wa ulichokipata

Hapa ndipo wauguzi wengi hukata tamaa, kwa kudhani kwamba kupima utafiti kunahitaji shahada ya takwimu. Kwa kazi ya wodini unahitaji maswali machache tu, ukiyauliza kwa ukaidi.

Swali la kwanza ni kama ulinganisho ulikuwa wa haki. Katika jaribio la nasibu, bahati ndiyo inayoamua nani anapata nini, hivyo makundi mawili hufanana kwa umri, ukali wa ugonjwa na hata kwa mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria. Pasipo nasibu, huenda wagonjwa waliopata huduma mpya walikuwa na nafuu tangu mwanzo. Swali la pili ni wangapi walipotea njiani. Utafiti ulioanza na watu 200 ukamaliza na 120 una mashimo makubwa. Swali la tatu ni kama kilichopimwa kina maana kwa mgonjwa au ni namba ya maabara tu. La nne ni kama wagonjwa wale na wodi zile zinafanana na zako, na la tano ni upana wa mashaka yaliyozunguka matokeo.

Turudi kwenye kanula. Mwaka 2012 lilichapishwa jaribio la nasibu lililofanyika katika hospitali tatu huko Queensland, Australia, likiwa na wagonjwa wazima 3,283. Nusu yao kwa makadirio walibadilishiwa kanula kila siku ya tatu, wengine walibadilishiwa pale tu palipokuwa na sababu ya kitabibu. Mshipa ulivimba kwa asilimia 7 ya wagonjwa katika kila kundi. Ukisoma namba zilizo karibu na matokeo hayo utakuta kwamba tofauti iliyopatikana ilikuwa 0.41 katika kila wagonjwa mia moja, na kwamba tofauti halisi ingeweza kuwa popote kuanzia pungufu ya 1.33 hadi ziada ya 2.15. Huo ndio upana wa mashaka. Watafiti walikuwa wametangaza kabla kwamba tofauti isiyozidi 3 wataihesabu kuwa ni sawa, na upana wote uliingia ndani ya mpaka huo. Kwa hiyo, kuhusu kuvimba kwa mshipa, bibi yule alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi ningepaswa kuiacha kanula yake.

Ningeishia hapo, mwongozo huu ungekuwa mfupi na ungekuwa wa hatari. Hospitali za chuo kikuu cha Geneva, Uswisi, ziliacha ratiba ya kubadilisha kanula mwaka 2018 zikafuata utaratibu wa kungoja dalili. Taarifa yao iliyochapishwa mwaka 2021 ilionyesha kwamba maambukizi ya damu yanayotokana na kanula yaliongezeka, na yakashuka tena baada ya ratiba kurejeshwa mwaka 2019. Taarifa hiyo haikutoka kwenye jaribio la nasibu. Ni ulinganisho wa kabla na baada, na inawezekana mambo mengine nayo yalibadilika katika vipindi hivyo. Hata hivyo ilihusu idadi kubwa sana ya kanula, na ilitazama hasa tatizo lile la nadra ambalo jaribio la Australia halikuwa na watu wa kutosha kulipima sawasawa.

Msomaji anaweza kuuliza ni ipi kati ya taarifa hizo mbili iliyo kweli. Kwa maoni yangu zote mbili zinasema kweli kuhusu vitu viwili tofauti. Kanula iliyoachwa kwa muda mrefu chini ya macho ya wauguzi wanaoikagua kila mara haiongezi kuvimba kwa mshipa. Kanula iliyoachwa kwa muda mrefu mahali ambapo hakuna anayeitazama inaweza kuwa mlango wa vijidudu. Ndiyo kusema swali la kweli kwa wodi yangu halikuwa saa 72 au zaidi. Lilikuwa hili: je, sisi tunazitazama?

Ongeza tahadhari moja kuhusu daraja la ushahidi. Si kila jambo linangoja jaribio la nasibu. Mpira wa kulishia unaopitishwa puani kwenda tumboni kwa miaka mingi ulihakikiwa kwa kusukuma hewa na kusikiliza tumbo kwa stethoskopu. Njia hiyo haiaminiki, kwa maana mlio unaweza kusikika hata mpira ukiwa kwenye njia ya hewa, na zipo taarifa za wagonjwa walioingiziwa chakula mapafuni baada ya kuhakikiwa hivyo. Taarifa za namna hiyo zinatosha kutufanya tuache. Kinachopendekezwa ni kuvuta majimaji kidogo na kupima asidi yake kwa karatasi ya pH (kipimo ambacho namba yake hushuka kadiri asidi inavyozidi), ambapo 5.5 au chini huashiria tumbo, na kupiga picha ya eksirei pale unapokosa majimaji au pH inapokuwa juu. Kumbuka kwamba mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza asidi anaweza kuwa na pH ya juu hata mpira ukiwa mahali pake.

Hatua ya tano: kuyarudisha matokeo kwa mgonjwa aliye kitandani

Utafiti huzungumza kuhusu wastani. Mgonjwa wako si wastani. Chukua kanula iliyowekwa kwa haraka wakati wa dharura, bila ngozi kusafishwa inavyotakiwa. Hiyo haistahili kungoja dalili, na miongozo hushauri ibadilishwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 48. Chukua mgonjwa asiyeweza kusema kwamba mkono unamuuma, kwa sababu amepoteza fahamu au ni mtoto mchanga. Kwake ukaguzi wa macho na vidole lazima uwe wa mara nyingi zaidi, kwa kuwa mmoja wa walinzi wako, yaani sauti yake, hayupo.

Kisha muulize mgonjwa. Mweleze kwa maneno ya kawaida: "Bibi, sindano hii inafanya kazi vizuri. Tukiiacha tutaitazama kila zamu. Ukisikia inauma, inawasha au mkono unajaa, tuite hapohapo, hata kama ni usiku." Maneno hayo machache yanamwingiza kwenye uamuzi na yanakuongezea mkaguzi mmoja ambaye yuko na ile kanula saa zote 24. Yuko pia mgonjwa ambaye atasema angependelea ibadilishwe kwa sababu inamtia wasiwasi. Sababu yake ni halali, na itiliwe maanani.

Hatua ya sita: kuibadilisha wodi

Mwaka 1847, katika hospitali ya Vienna, Austria, daktari Ignaz Semmelweis aliagiza wanaowahudumia wanawake wanaojifungua waoshe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vya homa ya uzazi katika kliniki yake vilishuka sana. Alikuwa na namba zilizo wazi, lakini wenzake wengi walimkataa, na kwa miaka mingi baada ya hapo wanawake waliendelea kufa katika hospitali nyingine. Ninapofundisha wauguzi wapya huwa ninalirudia jambo hili, kwa sababu kuwa na ushahidi ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni watu.

Kwanza, usibadilishe utaratibu peke yako. Muuguzi anayeacha kufuata utaratibu ulioandikwa kwa sababu amesoma makala huwaweka wagonjwa kwenye hatari ya huduma inayotofautiana kutoka zamu hadi zamu, naye hujiweka pabaya kisheria. Andika ukurasa mmoja, usizidi: swali, ulichokipata, udhaifu wa ulichokipata, pendekezo, na namna mtakavyojua kama limefaa. Mpelekee muuguzi mfawidhi wa wodi, kisha kwa idhini yake uwapelekee kamati ya kuzuia maambukizi na madaktari wa wodi.

Pili, watafute wanaopinga kabla ya kuwatafuta wanaokubali. Dada mmoja mkubwa kazini aliwahi kuniambia waziwazi kwamba ratiba ya saa 72 ilikuwa ndiyo kitu pekee kilichowalazimisha watu kuzitazama kanula, na tukiiondoa hakuna atakayezitazama. Wakati ule nililiona kuwa pingamizi la mazoea. Taarifa ya Geneva ilipotoka nilimkumbuka nikatambua kwamba alikuwa ameitaja hatari yenyewe. Anayepinga mara nyingi anajua kitu kuhusu wodi ambacho hakimo kwenye makala.

Tatu, badilisha kidogo kwanza. Pendekezo letu la kwanza halikugusa ratiba kabisa. Lilikuwa na mambo matatu: tarehe na saa ya kuwekwa iandikwe juu ya plasta ya kila kanula; kila zamu inapokabidhiana, wauguzi wawili wapite vitandani na kuitazama kila kanula kwa pamoja; na kanula isiyo na kazi tena itolewe siku hiyohiyo. Hakuna utafiti wala mwongozo unaopingana na jambo la tatu, na ukitembea wodini leo utashangaa ni wangapi wana kanula ambayo dripu yake ilikwisha juzi. Mjadala wa saa 72 tuliuacha ungoje hadi ukaguzi utakapokuwa tabia.

Nne, lifanye jambo jema liwe rahisi. Kalamu ya kuandikia kwenye plasta ikae kwenye trei ya kanula, isikae kwenye droo. Fomu ya ukaguzi iwe na mstari mmoja kwa kila mgonjwa. Muuguzi aliyechoka saa kumi alfajiri atafanya kile kilicho karibu na mkono wake, na mpangaji mwema huliheshimu hilo badala ya kumlaumu.

Hatua ya saba: kuhesabu

Bila kuhesabu kabla ya mabadiliko, hutaweza kusema chochote baada yake, kwa hiyo hesabu ya kwanza ifanyike kabla hamjatangaza lolote. Chagua siku moja katika wiki, pita na fomu kwa wiki nne. Kwa kila kanula andika namba ya kitanda, kama tarehe imeandikwa, kama kuna maumivu, wekundu, uvimbe au ugumu wa mshipa, na kama kanula bado ina kazi. Hiyo inakupa picha ya hali ilivyo.

Kwa matatizo yanayotokea kadiri muda unavyopita, hesabu siku za kanula, yaani idadi ya kanula zilizopo wodini kila siku zikijumlishwa. Tuseme kwa mwezi mmoja mmekuwa na siku za kanula 300 na mishipa 12 imevimba. Kiwango chenu ni 12 gawanya kwa 300, mara mia, yaani 4 kwa kila siku mia za kanula. Ukihesabu mishipa iliyovimba peke yake bila kujua kanula zilikuwa ngapi, mwezi wenye wagonjwa wachache utaonekana kuwa mwezi wa mafanikio, nanyi mtashangilia bure.

Chora kiwango kwenye karatasi ya miraba, wiki baada ya wiki, ubandike mahali ambapo wauguzi wanapita. Usitangaze ushindi kwa sababu matukio matatu yamekuwa moja. Namba ndogo hupanda na kushuka zenyewe. Subiri uone mwelekeo wa wiki nyingi. Hesabu pia madhara ambayo hukuyatarajia: je, muda wa makabidhiano umerefuka kiasi cha kuchelewesha dawa za asubuhi? Na kama lengo lenu ni kuboresha huduma ya wodi yenu, idhini ya uongozi hutosha mara nyingi. Mkikusudia kuchapisha au kuwapa wagonjwa huduma tofauti kwa ajili ya kulinganisha, nendeni kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti.

Muda unatoka wapi

Hautoki popote usipotengwa. Wodi nyingi zimefanikiwa kwa kikao kimoja kwa mwezi, dakika thelathini, makala moja, msomaji mmoja anayewaeleza wenzake kwa maneno ya kawaida na kuwauliza maswali yale matano ya kupima uzito. Kikao kiwe wakati wa kupishana zamu ili watu wa zamu mbili wahudhurie, na kimalizike kwa kujibu jambo moja: je, tunabadilisha, hatubadilishi, au tunatafuta zaidi? Jibu liandikwe pamoja na sababu yake, kwa sababu baada ya miaka miwili atakuja muuguzi mpya na swali lilelile, naye anastahili kukuta mlichofikiri.

Chini ya kila utaratibu wa wodi andikeni tarehe mbili: siku ulipopitishwa, na siku utakaposomwa upya, isiyozidi miaka miwili mbele. Andikeni pia jina la cheo cha atakayehusika kuusoma. Karatasi isiyo na tarehe ya pili ndiyo iliyonifanya nimchome bibi yule mara nne. Ilikuwa imebandikwa ukutani kabla sijaajiriwa, na katika miaka yote ile hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kuuliza kama bado inafaa.